Bodi mpya au lenzi nyingine? Ulinganisho kwa mpiga picha wa Dar es Salaam

Mwenye kamera ndogo ya APS-C (aina ya sensa ndogo) na lenzi ya 18-55mm iliyokuja nayo kwenye boksi, akishaanza kuitwa kupiga send-off na kipaimara, lalamiko lake huwa moja: ukumbini picha zinatoka na chengachenga. Ushauri anaoupata haraka ni auze, achukue bodi, yaani kamera bila lenzi, ya fulufremu, yenye sensa kubwa zaidi. Kabla hajauza chochote, tupige hesabu.

Taa kubwa za ukumbi zimepunguzwa, zimebaki za rangi. Lenzi ya 18-55mm ikivutwa hadi mwisho inafunguka f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga ni mwingi). Kwa shata ya 1/125 ya sekunde, ambayo ni ya chini kabisa kwa maharusi wanaoingia wakicheza taratibu, kamera inaweza kudai ISO 12800 (ISO ni usikivu wa sensa, ukipanda chengachenga zinaongezeka). Chomoa lenzi hiyo, weka 50mm f/1.8, shata ileile, na ISO inashuka hadi 1250 hivi, kwa sababu f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya f/5.6. Sasa geuza: lenzi ibaki f/5.6, bodi ndiyo ibadilike. Sensa ya fulufremu ni milimita 36 kwa 24. Ya APS-C ya Canon ni 22.3 kwa 14.9, na ya Nikon, Sony na Fujifilm ni kama 23.5 kwa 15.6. Eneo limeongezeka mara 2.4 hadi 2.6, na faida ya mwanga ni hiyohiyo. Bodi ya gharama kubwa imekupa mara mbili na nusu. Lenzi ya plastiki yenye gramu 160 imekupa mara kumi.

Kwa wengi, basi, bodi ibaki na lenzi ibadilike. Kuna mambo mawili yanayoweza kuigeuza hesabu hii: fokasi inayokosa jicho, na video. Yote mawili yamo humu chini.

35mm au 50mm kwenye APS-C

50mm f/1.8 inapendekezwa na kila mtu, na kwenye fulufremu ushauri huo hauna kasoro. Kwenye APS-C upana wake unabana hadi kufanana na 75mm kwa Nikon, Sony na Fujifilm, au 80mm kwa Canon. Dukani hutaliona tatizo hilo, utaliona sebuleni. Ukiisimamisha kamera wima, 50mm kwenye APS-C ya Canon inahitaji mita 4 ili kumpata mtu wa mita 1.7 kuanzia kichwani hadi viatuni, tena bila nafasi ya maana juu wala chini. Katika sebule nyingi za Sinza au Tabata, ukitoa makochi na kabati la vyombo, mgongo utakuwa umegusa ukuta kabla mita hizo hazijatimia. 35mm inataka mita 2.8. 24mm inatosheka na mita 2.

Hapo ndipo familia za kamera zinapoachana. Nikon wana AF-S DX 35mm f/1.8G tangu 2009: gramu 200, filta ya 52mm, na bei ya mtu anayeanza. Canon hawakuwahi kutoa ndugu yake wa EF-S, lenzi zao za APS-C. Wana EF-S 24mm f/2.8 STM, nyembamba na nzuri, lakini mwanga wake ni chini ya nusu ya f/1.8. Wana pia EF 35mm f/2 IS USM ya 2012, lenzi bora, ila bei yake iko daraja jingine. Kwa Sony ya APS-C, jibu ni Sigma 30mm f/1.4 DC DN, na inaizidi hata ile ya Nikon kwa mwanga.

Ukiwa na Nikon, anza na 35mm wala usisite. Ukiwa na Canon, chukua 50mm f/1.8 STM kwa sura, pete, hina na keki, na 18-55mm uibakize kwa picha za ukoo pamoja na flashi. Picha ya ukoo hata hivyo haitaki f/1.8. Watu wakiwa safu tatu, f/5.6 ndipo pa kuanzia. Ukifungua zaidi, shangazi wa safu ya nyuma anayeyuka.

Wenye Nikon waangalie herufi moja. 50mm f/1.8D haina mota ndani. Inategemea mota ya bodi. D90, D7200, D610 na D750 wanayo. D3100 hadi D3500, na D5100 hadi D5600, hawana, kwa hiyo kwao lenzi hiyo itafokasi kwa mkono tu. Iliyo na mota yake ni 50mm f/1.8G. Tofauti ya bei kati ya D na G ndiyo inayowanasa watu, na muuzaji mara nyingi hataji kasoro hiyo mpaka umeshalipa.

Kamera ya kioo au isiyo na kioo

DSLR ina kioo kinachoruka kila ubonyezapo, na kitundu cha kuchungulia ambacho hakili betri. Zisizo na kioo zinakuonyesha skrini ndogo, zikifokasi kwa sensa yenyewe. Hizi hapa ni bodi tano ambazo mtu wa bajeti ya kati hujikuta akizilinganisha, nyingi zikiwa zimeshatumika:

| Bodi | Mwaka | Sensa | Nafasi za kadi | Picha kwa chaji moja (kipimo cha CIPA) | Shata ya juu kwa flashi |
|---|---|---|---|---|---|
| Canon 80D | 2016 | APS-C, MP 24.2 | 1 | 960 | 1/250 |
| Nikon D7200 | 2015 | APS-C, MP 24.2 | 2 | 1110 | 1/250 |
| Canon 6D | 2012 | fulufremu, MP 20.2 | 1 | 1090 | 1/180 |
| Sony a6400 | 2019 | APS-C, MP 24.2 | 1 | 410 | 1/160 |
| Sony A7 III | 2018 | fulufremu, MP 24.2 | 2 | 710 | 1/250 |

Safu ya betri isikutishe wala isikudanganye. Ni kweli a6400 inataka betri tatu kwa shughuli inayoanza saluni asubuhi na kuisha ukumbini usiku wa manane, wakati D7200 inaweza kumaliza kwa moja na nusu. Lakini Sony zote mbili zinachajiwa kwa waya wa USB, hata kwa pawabenki ukiwa kwenye gari kati ya kanisa na ukumbi. 80D, 6D na D7200 zinataka chaja yake na soketi ya ukutani. Umeme ukikatika, akiba yako ni betri ulizochaji jana.

Lenye uzito zaidi ni fokasi. 6D ina vituo 11 vya fokasi, na ni cha katikati pekee chenye nguvu. Hicho kinaona hata gizani, vingine vinahangaika. Mpiga picha anajifunza kufokasi kwa kati kisha kusogeza kamera apange picha. Ukiwa na lenzi ya f/4 mtindo huo unakwenda. Ukiwa na 85mm f/1.8 kwa umbali wa mita 2, sehemu iliyo kali mbele hadi nyuma ni kama sentimita 6, na kule kusogeza tu kunalitoa jicho nje ya ukali, sikio likabaki safi. 80D ina vituo 45 vilivyotawanyika, D7200 ina 51, kwa hiyo unachagua kituo kilicho juu ya jicho na kusogeza kunapungua. a6400 inalikamata jicho lenyewe na kulifuata. A7 III nayo inafanya hivyo iwapo programu yake ya ndani imesasishwa kufikia toleo la 3.0 au zaidi. Ukiikuta A7 III iliyotumika, liangalie toleo kwenye menyu kabla ya kuilaumu.

Kuna ugonjwa mwingine wa DSLR usioonekana kwenye karatasi ya sifa. Kwa kuwa fokasi inapimwa na kifaa kilicho chini ya kioo, si na sensa, lenzi na bodi zinaweza kutopatana: kila picha inakuwa kali sentimita mbili tatu mbele au nyuma ya ulipolenga. Kwa f/5.6 hutaona. Kwa f/1.8 utadhani lenzi ni mbovu. 80D, 6D na D7200 zina marekebisho hayo kwenye menyu, lenzi kwa lenzi. Bodi ndogo kama Canon 700D, 4000D, au Nikon D3500 hazina, na dawa yake ni kufokasi kwa kutumia skrini ya nyuma, polepole. Kujipima ni rahisi: weka rula mezani kwa mshazari, kamera kwenye stendi, lenga namba ya 15 kwa f/1.8, piga picha tano ukiiharibu fokasi kabla ya kila moja, kisha kuza uone ukali umeangukia namba ipi. Kamera zisizo na kioo hazina shida hii.

Basi kama umeshanunua lenzi ya f/1.8 na bado nusu ya macho yanakosa, hapo bodi ndiyo ya kubadilishwa. Na hata hapo, a6400 itakufaa kuliko 6D, ingawa 6D ndiyo fulufremu.

Jua la saa saba mchana nalo lina la kusema. Shela nyeupe ikijaa kwenye fremu, kamera yoyote inaona mwanga mwingi na kuipunguza picha, na ngozi nyeusi ya bibi harusi inazama. Kwenye DSLR unapiga, unatazama grafu ya mwanga, unaongeza +0.7 au +1, unapiga tena. Kwenye isiyo na kioo unaliona giza hilo kwenye kitundu kabla ya kubonyeza, na mistari ya pundamilia inakuonyesha shela inapoanza kuungua. Kwa anayejifunza, hii inaokoa picha nyingi kuliko megapikseli.

Kwa video, a6400 na A7 III zinaziacha DSLR mbali, ila joto la Dar linazionea. Kwenye menyu ya Sony kuna mpangilio wa kikomo cha joto la kujizima. Uweke kwenye kiwango cha juu, fungua skrini isigusane na mgongo wa kamera, na usiiache kamera juani kati ya risasi moja na nyingine. Shata ya kimyakimya uizime ukumbini: taa za LED za jukwaani zinaacha mistari ya giza picha nzima, na hakuna programu inayoifuta vizuri. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo 1/50 na 1/100 ndizo shata tulivu zaidi. 80D na D7200 zinatofautiana hapa: 80D ina kinga ya mpepeso kwa picha, D7200 haina.

Maunti: mlango usiofunguka pande zote

Maunti ni mdomo wa bodi ambapo lenzi inafungwa. Bodi utaibadilisha baada ya miaka michache, lenzi zinabaki. Lenzi za Canon EF, zilizoanza 1987, zinaingia kwenye kamera za RF, yaani zisizo na kioo za Canon, kwa adapta na kufanya kazi zote. Anayejenga kwa EF leo hajajifungia. Lenzi za EF-S hazifungi kabisa kwenye 6D, lakini kwenye RF kwa adapta zinafunga na picha inakatwa pembeni. Lenzi za Nikon F, za DSLR, kwenda Z, zisizo na kioo, ni kwa adapta ya FTZ, na hapo tena ile herufi: zenye mota zinafokasi, za D hazifokasi. Lenzi ya DX, yaani ya APS-C ya Nikon, kwenye D750, au ya APS-C kwenye A7 III, inafunga vizuri ila megapikseli 24 zinageuka kama 10.

Jihadhari na Canon M50 na ndugu zake wa EF-M, maunti nyingine ya Canon isiyo na kioo. Ni kamera nzuri mkononi na bei yake inavutia, lakini lenzi za EF-M haziingii kwenye RF kwa adapta yoyote. Ukinunua M50, tumia adapta yake na ununue lenzi za EF na EF-S tu, ili siku ya kuhama uhame na mali yako.

Canon RF mpya, kama R50 ya 2023 yenye gramu 375, inafokasi vizuri mno kwa bei yake. Ilipungukiwa na lenzi za kampuni nyingine mpaka 2024, Canon walipowafungulia Sigma na Tamron mlango wa APS-C. Sony E haikuwa na shida hiyo, na ndiyo sababu mtu wa APS-C bado anapata chaguo pana zaidi huko. Lakini kuna kigezo kinachovishinda vyote hivi: tazama wenzako mnaoazimana vifaa wameshika nini. 70-200mm ya kuazima Jumamosi moja ina faida kuliko sifa yoyote ya maunti ambayo huna mtu nayo.

Lenzi moja ya f/2.8, au mbili za f/1.8

Sigma 17-50mm f/2.8 EX DC OS HSM, ya Canon au Nikon, ina gramu 565 na filta ya 77mm. Kwa Sony E kuna Sigma 18-50mm f/2.8 DC DN ya gramu 290, kitu kidogo cha ajabu, ila haina kituliza mtetemo, na a6400 nayo haina ndani ya bodi. Lenzi hizi zinakupa mwanga mara nne ya f/5.6, bila kubadilisha lenzi katikati ya msafara wa maharusi.

Jozi ya 35mm na 50mm inakupa mara kumi, kwa uzito mdogo, lakini kila ubadilishapo unafungua kamera. Ufukweni Coco Beach kwenye upepo wa kusi, kufungua kamera isiyo na kioo ni kuualika mchanga na chumvi juu ya sensa iliyo wazi. Kwa shughuli, chukua f/2.8. Kwa picha za sura, za mtaani Kariakoo na za nyumbani, jozi inashinda, na kamera ndogo haiwashtui watu. Lenzi kubwa nyeupe karibu na bandari, Ikulu au kambi itakuletea mlinzi kabla hujatoa kifuniko.

Flashi ni sura inayojitegemea, ila moja inahusu uchaguzi huu: Godox TT685 inatumia betri nne za AA, V860 inatumia ya lithiamu na inarudi tayari haraka zaidi. Kuelekeza flashi darini kunataka dari nyeupe na ya chini; ukumbi ukiwa umefunikwa kitambaa cha zambarau, nyuso zote zitakuwa za zambarau. Nje mchana, 1/160 ya a6400 inakulazimisha ufunge hadi karibu f/13 kwa ISO 100, kwa hiyo hakikisha flashi ina shata ya kasi kubwa (HSS) kama unataka nyuma iwe laini.

Kwa mpira wa mchangani na ndege, EF-S 55-250mm IS STM ndiyo ya kuanzia kwa Canon. Ikimbie EF 75-300mm III: haina kituliza mtetemo na ncha yake ya 300mm ni ya ukungu. Kwa Nikon, lenzi za AF-P hazifokasi kwenye bodi za zamani kama D90 na D3100.

Ukishika iliyotumika mkononi

Lenzi kwanza. Washa tochi ya simu, ipitishe kwa nyuma kwa mshazari, tazama kwa mbele. Vumbi chache si kitu. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu, na hewa ya Dar inailisha mwaka mzima. Iache hata kwa nusu bei. Lenzi za Canon EF ukizichomoa tundu linabaki wazi, kwa hiyo weka f/11, bonyeza kitufe cha kuonyesha kina cha ukali, uichomoe huku umebonyeza, ndipo utaona mapanga ya tundu kama yana mafuta. Za Nikon F hujifunga zenyewe. Sukuma kijiti cha nyuma, kirudi kwa kishindo, si kwa uvivu. EF 24-105mm f/4L ya kwanza ipigie picha kwa f/4 halafu f/8 kwenye kila umbali wa kuvuta: utepe wake wa tundu hukatika kwa uzee, f/4 ikapiga vizuri lakini f/8 ikaleta Err 01.

Bodi: f/16, piga ukuta mweupe ukiitikisa kamera, madoa yatakayobaki mahali pamoja ni ya sensa. Idadi ya shata kwa Nikon imo ndani ya faili la picha. Kwa Canon mara nyingi inataka kompyuta na waya. 80D na 6D zimepimwa kwa shata 100,000, D7200 kwa 150,000. Fungua mlango wa betri uangalie ukijani kwenye vishikio na skrubu zilizoliwa na kutu: hiyo ilionja chumvi. Kadi ya bure unayopewa nayo ipime kwa programu ya H2testw kabla ya kuiamini na harusi ya mtu. Dukani dai risiti ya EFD yenye namba ya kamera. Kwa mtu binafsi, andikishianeni na upige picha ya kitambulisho chake.

Ukifika nyumbani, begi lisiwe ghala, sponji yake inashika unyevu. Nunua kontena la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, kipima unyevu kidogo na silika jeli, ulenge asilimia 40 hadi 50. Jeli ya bluu ikigeuka waridi, ikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili, katika trei isiyopikiwa chakula, kwa kuwa rangi ile ya bluu ni kobalti na ina sumu. Wakati wa masika utaikausha mara nyingi zaidi, na lenzi utakayoiacha kabatini bila kuitumia mwezi mzima ndiyo itakayoanza kuota kuvu.